Ardhi Baada ya Tetemeko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mnamo Julai 2007 majengo ya Nairobi yalitikisika mara kadhaa katika siku chache. Watu walishuka ngazi mbiombio, wakasimama barabarani wakitazama juu, wakapigiana simu kuulizana hali, kisha wakarudi kazini, na kwa wengi wetu habari ikaishia hapo. Kwenye chimbuko lake, chini ya mlima Gelai ulioko kusini-mashariki mwa Ziwa Natron nchini Tanzania, habari haikuwa imeisha hata kidogo, kwa kuwa ardhi iliendelea kuteleza, kupanuka na kudidimia kwa wiki kadhaa, sehemu kubwa ya mwendo huo bila mtu yeyote kusikia chochote. Mimi ni mpima ardhi, na tangu mwaka ule nimeulizwa maswali yanayofanana na watu wa mitaa mingi ya jiji hili. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake, na pale ambapo jambo linahitaji maelezo marefu sikuona sababu ya kulikata.

Je, ni kweli kwamba ardhi huendelea kusogea baada ya tetemeko kuisha?

Ni kweli. Mtikisiko wenyewe huchukua sekunde chache, au dakika chache kwa matetemeko makubwa kabisa kama lile la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004. Katika muda huo, pande mbili za mpasuko wa miamba zilizokuwa zimebanana kwa mamia ya miaka huachiana kwa ghafla na kupishana. Hata hivyo, sehemu ya mpasuko inapoachia, mzigo iliokuwa imeubeba haupotei, bali huhamia kwa miamba jirani, iliyo kando yake na iliyo chini yake, na miamba hiyo huanza kuupokea na kuusambaza polepole, kila mmoja kwa tabia yake.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Parkfield, kijiji cha California nchini Marekani, ambako tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea tarehe 28 Septemba 2004 mahali palipokuwa pamezungukwa na vipimo vya kila aina. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba mtelezo wa kimya uliofuata, ukijumlishwa, ulizidi ule wa tetemeko lenyewe. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kazi ilifanyika baada ya watu kurudi vitandani.

Kwa nini ardhi haitulii mara moja?

Sababu ya kwanza iko katika mpasuko wenyewe. Mpasuko si kama kisu kilichopita kwenye mkate, ukabaki laini na sawa kutoka juu hadi chini. Una sehemu ngumu zinazong'ang'aniana hadi zivunjike kwa kishindo, na una sehemu nyingine, zenye udongo laini karibu na uso wa ardhi au zenye miamba yenye joto kwenye kina kirefu, ambazo hupenda kuteleza taratibu bila kutikisa kitu. Sehemu ngumu ikiruka, huzisukuma hizo laini, nazo huanza kuifuata. Mtelezo huu wa baadaye huwa na kasi mwanzoni, kisha hupungua kwa namna ya pekee: kiasi kinachosogea kati ya siku ya kwanza na ya kumi hukaribiana na kile kinachosogea kati ya siku ya kumi na ya mia. Ndiyo maana mtu akitazama wiki moja baadaye anaweza kuamini kwamba yamekwisha, ilhali mpasuko bado una safari.

Sababu ya pili iko chini zaidi, kwenye miamba ambayo joto limeilainisha bila kuiyeyusha. Anayepika chapati ataielewa miamba hii upesi kuliko anayesoma vitabu. Chukua unga uliokandwa na kupumzishwa, uuvute kwa ghafla: utakatika au utajirudi kama mpira. Sasa chukua donge lilelile, liache juu ya ubao kwa nusu saa, nawe utalikuta limetandaa lenyewe bila kuguswa. Ni unga uleule, ila jibu lake hutegemea muda. Miamba ya tabaka la kati la dunia, na pia sehemu ya chini ya gamba la dunia mahali penye joto kali, iko hivyohivyo. Kwa mtikisiko wa sekunde chache huwa migumu, lakini mzigo mpya ukiwekwa juu yake kwa miaka, hutiririka, na inapotiririka huburuta gamba lililo juu yake. Mwendo huu ni mpole kuliko ule wa kwanza, lakini huenea mbali, mamia ya kilomita kutoka kwenye kitovu, na hudumu miaka au makumi ya miaka.

Sababu ya tatu ni maji. Miamba mingi ina vitundu na nyufa zilizojaa maji, na tetemeko hubana upande mmoja na kulegeza mwingine, kama mtu aliyekamata sifongo lililolowa kwa mikono miwili. Maji hukimbia polepole kutoka mahali palipobanwa kwenda mahali palipolegea, na uso wa ardhi hupanda au kushuka kwa kuufuata mwendo huo. Jambo hili lilionekana wazi nchini Iceland baada ya matetemeko mawili ya tarehe 17 na 21 Juni 2000, kwa sababu mabadiliko ya ardhi yaliyoonekana kwa setilaiti yalikwenda sambamba na kupanda na kushuka kwa maji visimani, na yote mawili yalitulia ndani ya miezi michache.

Mbali na hayo kuna mambo ya juujuu, kama udongo uliolegezwa na mtikisiko ambao hushindiliwa na uzito wake wenyewe, na miteremko iliyochanika ambayo hungoja mvua ili iporomoke. Haya ni madogo yakilinganishwa na mwendo wa mpasuko, lakini kwa mwenye nyumba mlimani ndiyo yenye hatari ya karibu.

Je, kusogea huku ndiko mitetemeko ya baadaye?

Hapana, ingawa mambo haya mawili ni ndugu. Mitetemeko ya baadaye ni matetemeko kamili, kila moja likiwa na kishindo chake, na idadi yake hupungua kwa kanuni iliyotolewa na Mjapani Fusakichi Omori mwaka 1894, alipochunguza yaliyofuata tetemeko la Nobi la 1891. Kanuni hiyo inasema kwamba idadi hupungua kadiri muda unavyoongezeka, hata siku ya kumi huwa na takriban moja ya kumi ya mitetemeko iliyotokea siku ya kwanza.

Kusogea tunakokuzungumzia hapa hakuna kishindo. Ukijumlisha mitetemeko yote ya baadaye na kupiga hesabu ya kiasi cha ardhi iliyoweza kusogezwa nayo, kwa kawaida utapata sehemu ndogo tu ya mwendo uliopimwa. Wanasayansi wengi huamini kwamba mtelezo wa kimya ndio unaoisukuma mitetemeko hiyo itokee, kwani mara nyingi yote miwili hufifia kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo mtu asiyesikia tena mtetemeko wowote asidhani kwamba ardhi imelala.

Hali hii huchukua muda gani?

Inategemea ukubwa wa tetemeko na joto la miamba iliyo chini yake. Mwendo unaoletwa na maji huisha kwa miezi. Mtelezo wa mpasuko hupimika kwa miezi hadi miaka kadhaa, na mahali pengine zaidi, kwani sehemu ya mpasuko uliosababisha tetemeko la Izmit nchini Uturuki tarehe 17 Agosti 1999 ilikuwa bado inateleza polepole zaidi ya miaka 10 baadaye. Kutiririka kwa miamba ya chini ndiko kunakodumu kuliko vyote. Chile ilipata tetemeko la ukubwa wa 9.5 tarehe 22 Mei 1960, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na vipokezi vya GPS, yaani vyombo vinavyopima mahali kwa msaada wa setilaiti, vilivyowekwa huko katika miaka ya 1990 vilikuta maeneo ya bara yakisogea kuelekea baharini, wakati pwani ilikuwa imekwisha kuanza kusukumwa kuelekea bara. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na watoto waliozaliwa siku ile walikuwa wamekuwa wazazi.

Je, ardhi hurudi mahali ilipokuwa?

Watu wengi huuliza hivi wakitarajia jibu fupi, lakini sina jibu fupi la kuwapa. Pande mbili za mpasuko zilizopishana hazirudi. Kinachoweza kurudi, na pengine kwa sehemu tu, ni kimo cha maeneo yaliyodidimia au kuinuka kando yake.

Mfano bora ni rasi ya Oshika iliyoko kaskazini-mashariki mwa Japani. Katika tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 rasi hiyo ilisogea takriban mita 5.3 kuelekea mashariki na kusini-mashariki, na papo hapo ikadidimia kwa takriban mita 1.2. Tangu hapo imeendelea kusogea upande uleule wa bahari, lakini kimo chake kimekuwa kikipanda, na kimekwisha kurejesha makumi ya sentimita. Hebu fikiria maana yake kwa wavuvi. Gati lililozama kwa sababu ardhi imeshuka huinuliwa kwa saruji ili boti ziweze kupakua samaki. Miaka inapita, ardhi inapanda, na gati lilelile linakuwa juu mno kwa mtu aliye ndani ya boti. Na wakati huo sakafu ya bahari iliyo karibu na handaki kuu la baharini, kwa mujibu wa vyombo vilivyowekwa huko chini, ilianza kurudi upande wa nchi kavu mara tu baada ya tetemeko, kinyume kabisa na rasi. Ni tetemeko moja, mwaka mmoja, lakini sehemu mbili zilikwenda pande mbili tofauti.

Je, jambo hili limewahi kutokea karibu nasi?

Limetokea, na sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulifahamu kuliko mfano wowote wa Japani au California.

Mfululizo wa Gelai ulianza katikati ya Julai 2007, na tetemeko lake kubwa, la ukubwa wa 5.9, lilitokea tarehe 17 Julai. Kutoka huko hadi Nairobi ni takriban kilomita 170, na ndiyo maana tulilisikia kwenye maghorofa. Wanasayansi walipolinganisha picha za rada za setilaiti zilizopigwa kabla na baada, waligundua kwamba mpasuko ulioko hapo ulikuwa umeteleza kwa kiasi ambacho matetemeko yote yaliyorekodiwa hayakuweza kukieleza. Sehemu kubwa ya mtelezo huo ilikuwa ya kimya. Baada yake magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza kwenye ufa mwembamba uliosimama wima chini ya mlima, ikaipanua miamba, na ardhi ya juu ikadidimia katikati ya kingo mbili, lakini magma hiyo haikufika juu. Kisha tarehe 4 Septemba 2007 mlima jirani, Ol Doinyo Lengai, ukalipuka kwa majivu. Kwa hiyo mtu wa Nairobi aliyesikia mtikisiko wa Julai akausahau alikuwa amesikia neno moja tu la sentensi ndefu.

Kusini zaidi, wilayani Machaze nchini Msumbiji, tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilitokea usiku wa kuamkia tarehe 23 Februari 2006. Huko ilionekana kwamba mpasuko uliteleza sana kwenye kina cha takriban kilomita 10 na kuteleza kidogo karibu na uso wa ardhi, halafu katika kipindi kilichofuata sehemu hiyo ya juu ikaanza kulipia upungufu wake kwa mtelezo wa polepole.

Hapa Kenya kumbukumbu kubwa ni Subukia, tarehe 6 Januari 1928. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 6.9, lililoacha ufa wa takriban kilomita 38 juu ya ardhi, na mahali pengine upande mmoja ulishuka hadi mita 2.4 kuliko mwenzake. Wakati huo hapakuwa na setilaiti wala GPS. Nami kama mpima ardhi husisitiza jambo moja kila linapotajwa tetemeko hilo: kingo ya ufa inayopimwa muda baada ya tetemeko huonyesha jumla. Haiwezi kukuambia ni sentimita ngapi zilitokea kwa kishindo na ngapi zilijiongeza kimyakimya katika wiki zilizofuata. Ili kuvitenganisha viwili hivi ni lazima kipimo kiwe mahali hapo kabla ya tukio, na kiendelee kusomwa baada ya waandishi wa habari kuondoka.

Mwendo huo wa milimita hupimwaje?

Njia ya kwanza ni vipokezi vya GPS vya kudumu. Si vile vya simu, ambavyo hukosea kwa mita kadhaa, bali antena ya duara iliyofungwa juu ya nguzo ya saruji au moja kwa moja kwenye mwamba, isiyoguswa na mtu, inayosikiliza setilaiti mchana na usiku kwa miaka. Antena kama hiyo imekuwapo Kasarani, kwenye Kituo cha Kikanda cha Uchoraji Ramani za Rasilimali kwa Maendeleo, na takwimu zake huingia katika mtandao wa kimataifa. Japani pekee ina zaidi ya vituo 1,200 vya aina hii, na ndivyo vilivyoonyesha habari ya Oshika siku baada ya siku.

Takwimu za antena moja zikichorwa kwenye grafu, miaka ya kawaida huonekana kama mstari ulionyooka wenye mteremko. Nairobi nzima, pamoja na sehemu kubwa ya bara, husogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa karibu sentimita 3 kwa mwaka, na huo si mwendo wa tetemeko, bali ni safari ya kawaida ya mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya gamba lake. Kupanuka kwa Bonde la Ufa ndani ya Kenya ni kudogo zaidi, milimita chache kwa mwaka. Tetemeko likitokea karibu, mstari ule hukatika kwa hatua moja ya ghafla, na baada ya hatua hiyo haurudi kunyooka papo hapo, bali hujipinda, ukiwa mkali mwanzoni na ukilegea taratibu. Pindo hilo ndilo somo letu lote. Aliyewahi kuliona kwa macho yake haulizi tena kama ardhi husogea.

Njia ya pili ni rada ya setilaiti. Setilaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa Aprili 2014, hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 12 na kupiga ardhi kwa mawimbi yenye urefu wa takriban sentimita 5.6. Picha mbili zikilinganishwa, kila mzunguko mmoja wa rangi huonyesha kwamba ardhi imesogea sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kuikimbia. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji mtu kufika mahali penyewe. Udhaifu wake ni kwamba mvuke wa mvua na misitu minene, kama ile ya Aberdare, huvuruga picha, na anayezisoma haraka anaweza kuliita wingu mwendo wa ardhi.

Njia ya tatu ni ya zamani, yaani kupima vimo kwa darubini na fito kutoka alama moja hadi nyingine. Ni kazi ya jasho, lakini bado haijapata mbadala mahali ambapo tunataka kujua kimo cha jengo au daraja moja.

Je, ufa mkubwa wa Mai Mahiu wa mwaka 2018 ulitokana na ardhi kuendelea kusogea?

Ufa huo ulijitokeza Machi 2018 karibu na Suswa, ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na picha zake zikazunguka dunia nzima zikidaiwa kuonyesha kwamba Afrika inagawanyika. Ulitokea baada ya mvua kubwa, wala haukufuata tetemeko lolote kubwa. Bonde hilo limejaa majivu ya kale ya volkeno, ambayo ni laini na huchukuliwa na maji kwa urahisi, na maji yanayopita chini kwa chini huchimba mashimo hadi paa la juu linapoanguka. Inawezekana kabisa kwamba maji yalifuata udhaifu wa zamani uliomo kwenye miamba, lakini bonde linalopanuka kwa milimita chache kwa mwaka haliwezi kufungua ufa wa mita nyingi kwa usiku mmoja bila kishindo. Naamini wengi wa wanajiolojia waliosema hivyo tangu siku za kwanza walikuwa sahihi, na inasikitisha kwamba maelezo yao hayakusambaa kama zile picha.

Ukuta wa nyumba yangu una nyufa zinazopanuka. Je, ni tetemeko?

Kwa Nairobi, mara nyingi sivyo. Mama mmoja wa Embakasi aliniita nyumbani kwake miezi kadhaa baada ya mitikisiko ya 2007 akanionyesha ufa uliopanda kutoka kona ya dirisha hadi karibu na dari. Aliniambia, "Mwanangu, tetemeko lile bado linaipasua nyumba yangu." Nilimjibu, "Mama, tusiubishie wala tusiukubali, tuuwekee alama kwanza." Tukachora mstari mfupi wa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, tukaandika tarehe pembeni, na katikati fundi akabandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, nusu upande huu na nusu upande ule, ili ukuta ukisogea hata kidogo kioo kivunjike.

Kioo kilivunjika mwezi wa Februari, katikati ya kiangazi. Ilipofika Mei, mvua za masika zikiwa zimekwisha kunyesha, ufa ulikuwa umejifunga kiasi kwamba kadi ya simu iliyopita kwanza haikuweza kupita tena. Mwaka uliofuata mambo yakawa yaleyale. Tetemeko halifuati majira ya mvua. Nyumba hiyo, kama nyingi za Embakasi na maeneo jirani, ilijengwa juu ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na msingi wake haukufika chini ya udongo huo. Dawa yake iko kwenye msingi na kwenye mifereji ya maji ya mvua.

Ufa unaotokana na mtelezo wa mpasuko una tabia nyingine. Hauishii kwenye nyumba moja, bali hupita kwenye ua, barabara na shamba la jirani kwa mstari mmoja. Upande mmoja huwa umehama kwa namna ileile kila mahali. Na hupanuka haraka mwanzoni, kisha taratibu, bila kujali kiangazi wala masika. Baada ya tetemeko la Napa, California, la tarehe 24 Agosti 2014, kulikuwa na barabara na nyumba zilizoendelea kupindwa hivyo kwa siku na wiki nyingi, hata waliokuwa wakizikarabati wakashauriwa wazingatie mwendo uliosalia.

Milima ya volkeno ya Longonot na Suswa nayo hupanda na kushuka. Je, ni jambo lilelile?

Si lilelile. Picha za rada zilionyesha kwamba Longonot iliinuka takriban sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka, kaskazini mwa Baringo, takriban sentimita 21 kati ya 2006 na 2007, ilhali Suswa na Menengai zilishuka sentimita chache mwishoni mwa miaka ya 1990. Chanzo ni magma, gesi au maji ya moto kuingia au kutoka chini ya mlima, na hakuhitajiki tetemeko kubwa kutangulia. Mambo haya huingiliana wakati mwingine, kama Gelai ilivyoonyesha.

Je, kusogea huku kunaweza kuleta tetemeko jingine kubwa?

Kunaweza kuchangia. Mzigo unaohamishwa na mtelezo wa polepole au na miamba inayotiririka huongezeka juu ya mipasuko mingine, na kama mmojawapo ulikuwa umekaribia kuachia, unaweza kusukumwa mapema. Siku 87 baada ya Izmit, tarehe 12 Novemba 1999, sehemu iliyofuata ya mpasuko huohuo iliruka huko Düzce kwa tetemeko la ukubwa wa 7.2. Sumatra ilifuatwa na tetemeko la ukubwa wa 8.6 kisiwani Nias tarehe 28 Machi 2005. Lakini mara nyingi zaidi mzigo huhama na hakuna kinachotokea, na hakuna njia iliyothibitishwa ya kusema siku wala saa. Anayekutumia ujumbe wa simu kwamba tetemeko kubwa litapiga Nairobi usiku wa leo hana msingi wowote wa kusema hivyo, hata akitaja jina la taasisi kubwa.

Visima na chemchemi huathirika?

Huathirika, kwa sababu ya mwendo wa maji nilioueleza hapo juu. Kimo cha maji kisimani kinaweza kubadilika, maji yanaweza kuwa na tope kwa siku kadhaa, na chemchemi inaweza kuongezeka au kukauka. Mwenye kisima kirefu anayeandika kimo cha maji kila wiki katika daftari ana kumbukumbu yenye thamani kubwa bila yeye kujua.

Ardhi ikisogea, hati yangu ya shamba inakuwaje?

Swali hili huulizwa kwa wasiwasi mkubwa, nami naona ni halali, maana hapa kwetu bikoni, yaani alama ya mpaka wa shamba, iliyohama nusu mita inatosha kuwafikisha ndugu mahakamani.

Nchi zilizopitia jambo hili zimelazimika kulijibu. Japani ilisimamisha matumizi ya vipimo vya maeneo yaliyoathirika mwaka 2011, ikangoja mwendo wa kasi upungue, kisha ikatoa vipimo vipya mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. Hata alama kuu ya Tokyo inayotumika kuanzia upimaji wa nchi nzima ilikuwa imehama takriban sentimita 28 kuelekea mashariki. Kungoja huko ndiko kulikokuwa na busara, kwani kupima upya siku ya pili kungeleta namba za kupitwa na wakati kabla wino haujakauka. New Zealand, baada ya matetemeko ya Canterbury ya 2010 na 2011, ilitunga sheria mwaka 2016 iliyotamka kwamba mipaka ya viwanja ilihama pamoja na ardhi, isipokuwa pale udongo wa juu ulipoporomoka. Hivyo ua uliosogea pamoja na nyumba na mti wake ulibaki kuwa ua wa mwenyewe.

Kwa mwenye shamba wa Bonde la Ufa, jambo la kufanya sasa ni dogo. Hakikisha bikoni zako zipo na zinaonekana, na upige picha kila moja pamoja na kitu kisichohama kwa urahisi, kama mwamba au jengo la kudumu, ukiandika tarehe na umbali kati yao. Likitokea tetemeko, usizing'oe wala kuzinyoosha, hata kama zimeinama. Bikoni iliyoinama inamwambia mpima ardhi upande ambao ardhi imekwenda, na iliyonyooshwa na mtu mwenye nia njema haimwambii chochote.